Mguu Unaosubiri Asante

4 Februari

Kwako binti yangu mpendwa,

Naingia kwako kwa barua nikiwa nimevua viatu mlangoni, kama impasavyo mtu aingiaye nyumba ya wenye kazi nyingi. Uniwie radhi kwamba sikupigii simu. Kila nijaribupo, salamu zangu huwa hazijafika katikati na simu imekwisha kukatika, nami hubaki nimemsalimu mumeo bila kukusalimu wewe, jambo ambalo si la adabu.

Mimi ni mzima. Tangu mama yako atutoke, mwaka wa pili huu, nilikuwa nimezoea kukaa tu. Sasa nimepata kazi ndogo ndogo za hapa nyumbani, na siku zinakwenda. Jirani yetu, yule muuguzi mstaafu, huchungulia juu ya ukuta kila asubuhi kuhakikisha kwamba nimeamka. Akiniona nimesimama husema, "Haya, leo bado," kisha huenda zake.

Nina ombi, na naomba samahani kwa kuomba. Je, katika duka lenu la dawa yawezekana kupata mpira mwembamba wa dripu, ule unaoonyesha kilichomo ndani? Utanitosha wa urefu wa mkono. Sindano siihitaji. Usijisumbue kuuliza ni wa nini. Ni jambo dogo lisilostahili wino.

Wasalimu wote walio chini ya paa lako.

Baba yako

*

15 Februari

Shangazi, shikamoo.

Najua wewe si wa damu yangu, lakini vidonda vyangu vyote vya utotoni ulivifunga wewe, kwa hiyo ushangazi umeupata kwa jasho.

Baba ameniandikia. Anataka mpira wa dripu. Hataki niulize wa nini. Shangazi, mimi ni mfamasia. Mteja akiniambia "usiulize," ndipo nywele zinanisimama. Kuna mtu anamtundikia maji hapo nyumbani? Anaumwa halafu anaficha? Unamjua alivyo: akivunjika mguu, ataomba radhi kwa kelele ya mfupa.

Naomba umwangalie vizuri, si kwa kuchungulia tu. Halafu uniambie ukweli, hata kama hautanifurahisha.

Wako, yule wa vidonda

*

24 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimefanya ulichoniomba, na nimekifanya juu ya ndoo, kwa umri huu, ili nione banda lote. Ukija unisalimie kwa kuinama zaidi.

Mwili wake ni mzima. Nilimpima presha kwa kisingizio cha kujaribu kipimo kipya. Akaniomba radhi kwamba mkono wake ni mwembamba. Presha ni ya kijana.

Tatizo ni lile gari. Lile la Kiingereza la mbio, la viti viwili, aliloachiwa na daktari wa misheni alipostaafu, ambalo mama yako alikuwa akiliita Mkwe kwa sababu halikaripiwi, na likija na shida yake kila mtu anaacha alichokuwa akifanya. Unakumbuka tangu msiba lilikuwa limefunikwa bandani. Turubai limeondoka. Baba yako yuko chini ya lile gari mchana kutwa, nje imebaki miguu.

Hilo si neno. Wazee wenzake wanalala pabaya zaidi. Kilichonishusha kwenye ndoo ni maneno. Nilimsikia akisema, "Kanyaga." Kimya. Halafu yeye mwenyewe akajibu, "Nimekanyaga." Kimya tena, kirefu. Halafu, kwa ile sauti yake ya upole: "Asante." Kisha akaanza upya. Kanyaga, nimekanyaga, asante. Hakukuwa na mtu, mwanangu. Kwenye kiti cha dereva ulikuwepo mto wa mama yako tu, ule mwekundu.

Nimehudumia wazee maisha yangu yote ya kazi. Sitaki kukutisha, lakini kukudanganya siwezi. Wengine huanza hivi, kwa kuzungumza na aliyeondoka. Mwisho wanamwekea sahani mezani.

Ukitaka niendelee kupanda ndoo, nitapanda.

Shangazi yako wa ukutani

*

3 Machi

Shangazi, shikamoo.

Barua yako niliisomea dukani nimesimama, nikampa mteja dawa ya kikohozi wakati alitaka ya macho. Bahati nzuri alisoma chupa.

Nimeamua. Nimempata bwana mmoja anayekusanya magari ya zamani. Atakuja Jumamosi ya tarehe 22 na lori alibebe. Baba hajui, nimemwambia kuna mgeni tu. Gari likishatoka, hatakuwa na cha kumbakiza peke yake kwenye ile nyumba, na mimi nitamleta kwetu. Chumba cha nyuma tumeshakipaka rangi.

Najisikia kama namwibia baba yangu mwenyewe. Lakini bora aninunie hapa mbele ya macho yangu, kuliko jeki iteleze na hakuna hata mtu wa kusikia. Tafadhali usimwambie.

Mimi

*

3 Machi

Baba, shikamoo.

Mpira huu hapa ndani ya kifurushi. Sikuulizi.

Jumamosi ya tarehe 22 kuna bwana atapita hapo, namfahamu. Anapenda magari ya zamani. Naomba umpokee vizuri na umsikilize atakachokuambia. Usimkatae haraka.

Chumba cha nyuma hapa kwetu tumekipaka rangi ya krimu. Kina dirisha kubwa. Nakwambia tu.

Binti yako

*

23 Machi

Kwako binti yangu mpendwa,

Kama barua hii itanukia mafuta, usimlaumu tarishi. Ni mikono yangu, na naomba radhi.

Nakushukuru kwa mpira, na zaidi kwa kuniletea yule bwana. Kumbe ulikwisha kujua, nami nikidhani nimeficha. Ni kweli, binti yangu: nimerudi kwa Mkwe. Nilitaka kukuarifu atakapoweza kusimama kwa breki zake mwenyewe.

Mgeni alifika asubuhi amevaa kofia ya ngozi, na lori akaliacha barabarani. Alionekana mtu mwenye jambo zito kifuani. Akasema, "Mzee, nimekuja kuhusu gari." Nikamwambia najua, binti yangu ameniandikia, na kwamba amekuja wakati muafaka kabisa kwa sababu nimekwama kwenye breki. Akasema, "Hapana, mzee, mimi nilikuja..." Nikamwomba kwanza anywe chai kabla haijapoa. Alipomaliza kikombe nilikuwa nimekwisha kumfungulia mlango wa gari, na mtu aliyefunguliwa mlango hana budi kuingia.

Nilimwomba radhi kwa ajili ya kiti. Kimesogezwa mbele kwa kipimo cha mama yako, na sijakirudisha. Yule bwana ni mrefu. Alipokaa, magoti yalimfika karibu na masikio, na usukani ukamkaa kifuani kama sinia. Hakulalamika. Ni mtu wa malezi mema.

Wewe ulikuwa mdogo, pengine hukuelewa kazi yenyewe. Breki huenda kwa mafuta yaliyojaa ndani ya mabomba. Hewa ikiingia humo, pedali hulegea kama mto, na gari husimama likipenda. Ili kuitoa hewa, mmoja hukaa kwenye kiti akakanyaga pedali na kuishikilia. Mwingine hulala kando ya gurudumu, akafungua nati ndogo, na hewa hutoka kwa mapovu kupitia ule mpira wako mpaka ndani ya chupa. Kisha nati hufungwa. Aliye juu akinyanyua mguu kabla nati haijafungwa, hewa yote hurudi ndani, na kazi ya asubuhi nzima imekwenda na maji.

Kwa hiyo ni lazima kuambiana. Mafundi wote husema "Kanyaga," na "Achia." Nami nilianza hivyo. Lakini mama yako, fundi cherehani, aliyekuwa na mguu mtulivu kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, siku ya kwanza nilipomwambia "Achia" hakuachia. Alisema, "Kwa sauti hiyo? Mguu huu unashona magauni ya maharusi. Usiposhukuriwa haunyanyuki." Nikamshukuru, akanyanyua. Tangu hapo ikawa ndiyo kanuni ya banda letu: kanyaga, nimekanyaga, asante. Maisha yetu yote hatukutumia neno jingine.

Sasa fikiria. Mgeni wako akakanyaga vizuri. Nikafungua, mapovu yakatoka, nikafunga. Nikasema, "Asante." Akajibu, "Usijali, mzee." Nikangoja. Naye akangoja. Nilikuwa nimelala chini nikisikia kiti kikilia kwa jinsi alivyokaza mguu.

Mwishowe akauliza, "Mzee, niachie au nisiachie?"

Nikamwambia, "Nimekwisha kukushukuru, bwana."

"Na mimi nimekwisha kukuitikia. Mguu unakufa ganzi."

Nilitoka chini ya gari nikamwomba radhi na kumweleza kanuni yetu. Nilimweleza pia jinsi nilivyokuwa nikihangaika peke yangu: nabonyeza pedali kwa mkono, naikaza kwa ubao uliobanwa na kiti, kisha nazunguka na kulala chini. Ili nisipoteze mpangilio nilikuwa nasema sehemu zote mbili, ya kwangu na ya mama yako, kwa sauti. Mtu wa umri wangu asiposema, husahau kama nati iko wazi au imefungwa. Lakini ubao si mguu. Nati ikifunguliwa pedali huzama, ubao huanguka, na hewa hurudi.

Niliposema hayo nikasikia kishindo upande wa pili wa ukuta, na kicheko ambacho sijakisikia kwa jirani yetu tangu aache kazi hospitalini. Nilikwenda kumwomba radhi, ingawa sikujua kwa kosa gani. Alikuwa amekaa chini kando ya ndoo, anafuta machozi.

Tulimaliza magurudumu matatu. La nne limebaki, maana mafuta ya breki yalikwisha na mgeni alikuwa na safari. Kila niliposhukuru alinyanyua mguu kwa wakati wake. Mwishowe, akiwa bado ameshika usukani, alisema, "Mzee, hili gari lina mwenyewe." Kisha akaaga. Lori lake liliondoka tupu kama lilivyokuja. Nilimsaidia kukunja kamba.

Nakushukuru kwa wema wako.

Baba yako

*

2 Aprili

Baba, shikamoo.

Nimesoma barua yako stoo, katikati ya maboksi ya dawa, nimekaa sakafuni. Mwenzangu akaja kuniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia sijafiwa na mtu, nimerudishiwa. Hakunielewa, akaniletea maji.

Sina budi kukwambia kabla huyo bwana hajakwambia. Hakuja kukusaidia. Mimi ndiye niliyemtuma alichukue gari. Ulipoomba mpira wa dripu nilidhani unaumwa. Halafu nikasikia unaongea na Mama bandani, unamwambia akanyage na unamshukuru, na nikaamini akili imeanza kuondoka. Nilitaka kukuhamishia hapa. Nilipanga kila kitu bila kukuuliza, kama vile umeshakuwa fanicha.

Na sikukumbuka, Baba. Nimelala miaka yangu yote ya utoto kwenye chumba chenye dirisha la banda. Hiyo kanyaga-nimekanyaga-asante ndiyo iliyokuwa ikiniamsha siku za mapumziko, nafunika kichwa na shuka. Nilidhani ni mazungumzo yenu tu, kwamba mnapendana kwa namna ya ajabu.

Shangazi wa ukutani ameniandikia mistari miwili: "Baba yako ana akili zake zote, na kidogo za majirani. Ndoo imepasuka."

Unaruhusiwa kuninunia. Lakini usininunie sana, maana sijawahi kushukuru Mungu namna hii tangu Mama afariki.

Binti yako

*

11 Aprili

Kwako binti yangu mpendwa,

Sijanuna. Nilijaribu asubuhi moja, kwa kuwa uliniruhusu, nikashindwa kabla ya chai.

Zile kamba niliziona, binti yangu, na lile lori pia. Nilisoma misheni, sikusomea upofu. Mtu hapiti kusalimia na lori la kubebea magari. Lakini mgeni akifika mlangoni akiwa na jambo la kumtia aibu, ustaarabu ni kumpa jambo jingine la kufanya. Nilimpa breki. Na nilipokuandikia kwamba uliniletea msaidizi, sikusema uongo. Ndicho alichogeuka kuwa. Nilitaka upate njia ya kurudi bila kuinamisha kichwa. Naomba radhi kama njia yenyewe ilikuwa nyembamba.

Nawe ulikuwa na haki ya kuogopa. Nilikuficha, na nitakueleza sababu. Niliona aibu kufurahi.

Ilianza kwa panya. Niliinua turubai kumfukuza, nikakuta anafumua kiti cha abiria, kile alichokishona mama yako kwa mkono, mishono miwili miwili. Nikashona palipofumuka, vibaya. Kisha nikafungua boksi la spana kutafuta mkasi, na spana zile za inchi zilikuwa bado zimeviringishwa katika foronya zetu za zamani kama alivyoziacha. Nikazifuta kutu. Kabla sijajua, jua lilikuwa limezama na nilikuwa napiga mluzi. Nilipojisikia, nikanyamaza. Nilitazama dirishani kama mtu aliyecheka ibadani. Kesho yake nikarudi tena. Ningewezaje kukuandikia wewe, uliyekuwa bado ukilia, kwamba baba yako anapiga mluzi?

Kuhusu jeki, usiwe na wasiwasi. Gari limekaa juu ya stendi za chuma, na kila gurudumu nilitoalo nalilaza chini ya bodi, ili hata likishuka lisinifikie. Jirani hugonga ukuta kila baada ya muda, nami hujibu kwa spana. Chumba chenu cha krimu nitakuja kukaa kama mgeni, kwa wiki moja, na nitarudi kwangu kama mwenyeji.

Sasa nina ombi, na safari hii nitasema ni la nini. Gurudumu la nne lingali na hewa. Mgeni wako ameniandikia kwa upole kwamba magoti yake hayajapona. Kiti sijakisogeza. Wewe una urefu wa mama yako.

Baba yako

*

6 Mei

Baba, shikamoo.

Nimefika salama. Mume wangu ameniuliza kwa nini nanukia mafuta ya breki kuliko fundi, nikamwambia aheshimu Mkwe.

Bado naona ile asubuhi. Nilikaa kwenye kiti na miguu ikafika bila kunyoosha hata kidole. Mto mwekundu ulikuwa na umbo lake bado. Nilitaka kusema kitu, ila wewe ulishalala chini na kusema "Kanyaga," kwa hiyo nikasema kilichotakiwa kusemwa. Kidogo kidogo nikasikia pedali inakuwa ngumu chini ya mguu, kama mtu anayekuja kusimama upande wa pili na kunisukuma kwa upole. Sikujua kwamba ndivyo Mama alivyokuwa akisikia.

Halafu barabarani. Nilishika mlango kwa mikono miwili, nakiri. Ulipokanyaga pale kwenye kona, mbele ya yule mama mwenye baiskeli, gari likasimama kama limeitwa kwa jina. Ukamwomba radhi yule mama kwa kusimama karibu naye mno. Akasema, "Lakini umesimama, baba." Nilicheka mpaka nikasahau kuogopa njia nzima ya kurudi. Shangazi naye, baada ya zamu yake, hataniambia tena kwamba hapandi gari lisilo na paa; kitambaa chake kilichopeperushwa na upepo mmekiokota wapi?

Ila umeniharibia kazi. Jana mteja wa kwanza nilimpa dawa, akasema, "Asante," na mguu wangu wa kulia ukanyanyuka wenyewe nyuma ya kaunta. Nikadhani imetokea tu. Wa pili, vilevile. Mimi ni mfamasia, Baba, watu wananishukuru kutwa nzima. Jioni mwenzangu akaniuliza kama nina mdudu kwenye kiatu.

Binti yako

*

15 Mei

Kwako binti yangu mpendwa,

Kitambaa cha jirani kilikuwa kwenye uzio wa shule. Amekivaa tena leo, na ameuliza kama Jumamosi tunatoka.

Kuhusu mguu wako, naomba radhi, lakini dawa sina, na duka la dawa ni lenu. Mama yako alikuwa hivyo hivyo. Kanisani, kila padri alipofika kwenye shukrani, kiatu chake kiligonga benchi la mbele, na mzee aliyekaa pale aligeuka kila wiki kutuangalia mimi na yeye. Mimi ndiye niliyeomba radhi. Yeye alitazama mbele kama mtakatifu.

Juzi nilikisogeza kiti nyuma kidogo ili niendeshe bila kuumia. Nimechora alama ya chaki sakafuni mwa gari, mahali pake, ili ukija ukirudishe.

Breki zinashika, zote nne. Nalala usingizi. Nimepiga mluzi asubuhi hii, dirisha likiwa wazi.

Na wewe, mwanangu, nadhani umeikanyaga pedali hii kwa muda mrefu, tangu tulipomzika mama yako, ukiogopa kunyanyua mguu hewa isije ikaingia. Umeshikilia vizuri. Nati nimekwisha kuifunga.

Asante.

Baba yako